Kriketi ya Dadu na Mali Bila Daftari

Wale tuliolala bweni moja hapa Kawajense mwaka 1996, wakati Mpanda ingali wilaya ya Mkoa wa Rukwa, bila shaka mnaikumbuka ile habari ya redio. Tarehe 29 Februari, mjini Pune, India, Kenya ilikuwa imeishinda West Indies katika Kombe la Dunia la kriketi. Kenya ilipata mikimbio 166. West Indies, waliokwisha kutwaa kombe hilo mwaka 1975 na 1979, wakatolewa wote kwa 93. Brian Lara mwenyewe alipata 8 tu.

Wengi wetu hatukuwahi kushika gongo la kriketi. Lakini mwenzetu mmoja aliyetoka Upanga, Dar es Salaam, alikuwa na kitabu kikuukuu cha takwimu za mchezo huo, na dadu mbili, moja nyekundu na moja nyeupe. Kwa vitu hivyo viwili tukaanzisha ligi yetu juu ya kitanda.

Utaratibu ulikuwa huu. Kwanza tulipiga kura, kisha kila mmoja akachagua wachezaji kwa zamu, kama watoto wagawanavyo timu uwanjani. Kila mrusho wa dadu ulihesabiwa kuwa mpira mmoja, na mipira sita ni ova moja. Dadu mbili za rangi tofauti hutoa matokeo 36. Basi mpigaji ambaye kitabuni hutolewa mara moja katika kila mipira 36 alipewa tokeo moja tu la kifo, yaani sita na sita. Aliye dhaifu, wa kutolewa kila mipira 12, alipewa matokeo matatu. Matokeo yaliyobaki yaligawanywa kwa mikimbio, kulingana na kasi yake.

Mimi kura iliniangusha nikawa wa mwisho. Wenzangu walikwisha kumchukua Glenn Turner wa New Zealand, na Bishan Bedi wa India, na John Snow wa Uingereza. Nikabaki na timu ya Afrika Mashariki ya mwaka 1975. Bweni zima likacheka.

Timu hiyo ilishiriki Kombe la Dunia la kwanza, huko Uingereza, mwezi Juni 1975. Iliundwa na wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na nahodha wake alikuwa Harilal Shah. Ilicheza mara tatu, ikashindwa mara tatu. New Zealand walipata 309, Turner peke yake 171 bila kutolewa. Sisi tukapata 128. Dhidi ya India tulipata 120, nao wakazipita bila kupoteza hata wiketi moja. Siku hiyo Bedi alirusha ova 12, yaani mipira 72, akatoa mikimbio 6 tu. Uingereza walipata 290, sisi 94. Snow aliwatoa wanne kwa mikimbio 11.

Hivyo ndivyo historia inavyosimuliwa: tulikwenda, tukapigwa, tukarudi. Lakini ilinibidi niandike karatasi ya kila mchezaji, na katika kujumlisha nikakuta jambo ambalo simulizi hazilisemi. Katika mechi zile tatu watu wetu walikabili mipira elfu moja hivi, wakatolewa 28. Hiyo ni karibu mara moja kila mipira 36. Kwa dadu zetu, ni sita na sita tu. Kumbe hawakuwa wepesi kutolewa hata kidogo! Udhaifu wao ulikuwa kwingine: walipata mkimbio mmoja kila mipira mitatu, wakati wapinzani walikuwa wanapata zaidi ya miwili.

Linganisheni na Pune. West Indies, mabingwa wa zamani, walimalizwa kwa ova 35 na mipira 2, yaani wastani wa mtu mmoja kila mipira 21. Wale wetu wa 1975 hawakuanguka upesi kiasi hicho katika mechi yoyote ya zile tatu. Ni kweli kwamba kujihami si kushinda. Lakini aliyeshindwa akiwa amesimama hafai kuandikwa sawa na aliyeshindwa kwa kukimbia.

Hata hivyo sidai kwamba takwimu ni mashahidi wasiokosea. Mwaka 1970 majumba ya sinema ya Marekani yalionyesha pambano la Muhammad Ali na Rocky Marciano, mwisho wake ukiwa umeamuliwa na kompyuta iliyolishwa rekodi zao. Marciano, ambaye alikwisha kufariki mwaka 1969, akashinda katika raundi ya 13. Nani atathubutu kusema ndivyo ingalikuwa? Vivyo hivyo John Nagenda wa Uganda, mwandishi ambaye baadaye alikuwa mshauri wa Rais Museveni, alicheza mechi moja tu katika kombe lile. Mechi moja haiwezi kumpima mtu.

Lakini mechi moja iliyoandikwa inatosha kumwita uwanjani. Ndiyo maana Nagenda alicheza bwenini Kawajense miaka 21 baadaye, na ndiyo maana mashujaa wetu wenyewe hawawezi kucheza popote. Daftari la ligi yetu, ambalo nyuma yake tuliandika pia magoli na mbio za mashindano ya mabweni, nililisahau mimi ndani ya treni nilipobadili pale Kaliua. Leo tukikutana tunabishana ni nani alikuwa mkimbiaji bora wa wakati wetu, na hakuna awezaye kuthibitisha. Wengine kati ya waliokimbia hawapo tena kujitetea.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ninyi wanafunzi mliopo sasa, wekeni daftari la michezo, lenye jina, tarehe na idadi, na muwe na nakala ya pili mahali pengine. Siku moja kijana atatupa dadu, na atataka kuwachagua.