Ndege wa Ukutani

Shule zikifunguliwa, swali la kila Januari huwarudia walimu wa elimu ya awali wa Kyela: ukutani tuchore nini? Mara nyingi jibu ni waridi na tufaa kutoka chati za dukani. Mtoto anayekaa mbele ya ukuta huo, mpunga ukiiva, huraukia shambani kuamia ndege. Anawajua kwa sauti na kwa mruko, ila darasani hawakuti.

Huku sanaa si ngeni. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu, huvipamba kwa udongo mwekundu na mweupe, na mitumbwi huvifikisha soko la Lyulilo, Matema.

Ila ndege wa rangi kali anayeigwa leo kwenye kuta za chekechea anadaiwa shukrani na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, 1932. Mwaka 1968, Dar es Salaam, alianza kuchora ndege na wanyama kwa rangi ya mafuta juu ya vipande vya mraba vya mbao za dari. Mkewe, Agatha Mataka, aliziuza picha hizo nje ya Morogoro Stores, Oysterbay.

Kuhusu chimbuko la mtindo huo, wanahistoria wa sanaa huvutana. Wapo wasemao aliiga picha za Wakongo zilizokuwa zikiuzwa jijini. Wengine hukataa: kusini alikotoka, nyumba za udongo zilichorwa ukutani, na yeye alihamisha tu ukuta wa kwao kuuleta mjini. Mimi nasimama na hawa wa pili. Mchoraji huanza na alichokiona utotoni.

Mwaka 1972 polisi walimpiga Tingatinga risasi wakamuua, wakimdhania mhalifu. Wanafunzi wake waliendelea, na 1990 wakaunda ushirika. Mwaka 2010 mtindo wake ukawa katuni ya watoto kwenye televisheni ya Uingereza, iliyotengenezwa Nairobi.

Sera ya elimu ya 2014 imeifanya elimu ya awali kuwa ya lazima. Basi watoto wote watakaa mbele ya kuta za chekechea, nasi bado twawachorea tufaa! Kyela ina kwazi na mdiria ziwani. Ina mkakao, ambao ua lake dogo jeupe huchomoza kwenye shina lenyewe. Mwalimu awatoe watoto nje, wainame walitazame, kisha warudi ndani na chaki. Ukuta utajijaza.