Ubora wa Picha ya MRI Haupimwi kwenye Pembe Nyeusi

Njia iliyozoeleka ya kupima ubora wa picha ya MRI ni hii: mtaalamu huchora duara juu ya tishu na kusoma wastani wa mng'ao wake, kisha huchora jingine kwenye pembe nyeusi, nje ya mwili, na kusoma mkengeuko sanifu. Namba ya kwanza hugawanywa kwa ya pili, na jibu huitwa uwiano wa ishara na kelele. Hoja yangu ni kwamba jibu hilo limepoteza maana, na anayekubali au kukataa mashine kwa kulitegemea anajipunja.

Kelele hiyo si ule mshindo unaomlazimu mgonjwa kuziba masikio. Ni mikondo midogo ya umeme inayozuka yenyewe ndani ya mwili na ndani ya waya za koili inayopokea ishara, kwa kuwa chembe zenye chaji hazitulii maadamu zina joto. Ishara nayo ni hafifu mno. Kwenye sumaku ya tesla 1.5, picha nzima hutokana na ziada ya protoni kama 5 tu katika kila milioni. Kuikuza kwa kuongeza muda ni ghali: ishara hufuata ujazo wa vokseli, yaani kijisehemu kimoja cha picha, ilhali kurudia kipimo huongeza uwiano kwa kipeuo cha pili cha idadi ya marudio tu. Ukipunguza vokseli kwa nusu kila upande, ujazo unabaki moja ya nane, na kurudisha uwiano wa awali kunadai marudio 64. Skani ya dakika 5 inazidi saa 5. Hakuna mgonjwa atakayevumilia hilo, sembuse mtoto.

Turudi kwenye ile pembe nyeusi. Picha tunayoitazama huonyesha ukubwa wa ishara bila alama ya hasi, kwa hiyo kelele ya pembe nyeusi haifuati mtawanyo wa Gauss bali wa Rayleigh, na mkengeuko wake ni takriban 0.655 ya kelele halisi. Asiyesahihisha hujizawadia nyongeza ya zaidi ya nusu. Gudbjartsson na Patz walilifafanua jambo hili mwaka 1995, na dawa yake ni kuzidisha tu. Lisilo na dawa nyepesi lilikuja na mbinu ya SENSE mwaka 1999: koili nyingi zikisaidiana kuharakisha skani, kelele hutofautiana mahali na mahali, na mara nyingi huwa kubwa katikati ya kichwa. Pembe haina habari za katikati. Kuchukua skani mbili zinazofanana na kuzitoa moja kwa nyingine hupima vizuri zaidi, mradi mgonjwa ametulia. Na sasa programu za akili mnemba huifuta kelele ya pembeni kabisa. Kigawanyo kinakaribia sifuri, uwiano unapaa, na hakuna hata chembe ya taarifa mpya iliyotoka mwilini.

Uganda inatoa kipimo kingine: je, picha inamtosha daktari? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, pamoja na wenzao wa Leiden, Delft na Pennsylvania, wameunda mashine ya MRI ya sumaku za kudumu yenye takriban militesla 50, moja ya thelathini ya nguvu ya mashine ya tesla 1.5. Walengwa ni watoto wenye vichwa vilivyojaa maji. Daktari wa upasuaji hapo anataka kujua maji yako wapi na ubongo uko wapi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na kundi lenye uhusiano na kazi hiyo uliwaonyesha madaktari bingwa picha za CT zilizoharibiwa kwa makusudi, na ukabaini kuwa hata zile ambazo kwa kawaida zingekataliwa zinaweza kufaa kupangia matibabu. Picha zilizosafishwa kwa akili mnemba ziliwapendeza zaidi. Lakini baadhi zilikuwa na maumbo yasiyolingana na ubongo wa mtoto mwenyewe, na ni kwa kufuata maumbo hayo ndipo daktari angeamua pa kupitisha mrija wa kutoa maji.