Kushusha na kupandisha mashua kwenye mteremko mkali

MASHUA ndogo ya tanga inayobebwa kwa trela hukabiliwa na hatari hata kabla ya kuelea. Hatari hiyo iko dikoni, gari linaporudi kinyumenyume kuelekea majini.

Mteremko ukishuka mita 1 kwa kila mita 4, trela na mashua vyenye uzito wa kilo 600 hulivuta gari kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 145 hivi. Saruji ikiwa na mwani, gari laweza kuteleza likazama.

Kwanza, jua saa za maji. Katika pwani ya Kenya, maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, tofauti yake huweza kupita mita 3. Kwenye mteremko kama huo, ukingo wa maji hurudi nyuma mita 12 na kuacha wazi saruji yenye utelezi. Kwa hivyo, fanya kazi maji yanapokaribia kujaa.

Ukiwa bado kwenye tambarare, funga kizibo cha mashua, inua usukani na ufunge kamba ndefu kwenye omo. Simamisha mlingoti ikiwa tu hakuna nyaya za umeme juu yako wala njiani. Ondoa mikanda ya nyuma, lakini kamba ya winchi isifunguliwe kabla mashua haijaelea.

Rudi polepole kwa gia ya chini, dirisha likiwa wazi. Gari likisimama, msaidizi aweke kabari nyuma ya magurudumu yake akiwa pembeni. Mtu yeyote asisimame nyuma ya trela.

Wakati wa kupandisha, shusha tanga mapema. Usizamishe trela kupita kiasi: mashua huelea sawasawa ilhali trela imeinama, hivyo tezi husukumwa kando na upepo. Vuta kwa winchi bila kuachilia mpini, kwani ukizunguka ghafla huweza kuvunja mkono. Mkifika tambarare, hakikisha omo imekaa mahali pake, kisha osha breki na magurudumu kwa maji yasiyo na chumvi.

Iwapo magurudumu ya gari yanateleza likiwa tupu, usijaribu kushuka na mzigo. Subiri maji yajae, au utafute diko lenye mteremko wa wastani.