Daftari la Gari: Kumbukumbu za Matengenezo kwa Wamiliki wa Magari Yaliyotumika

Sehemu kubwa ya magari ya watu binafsi yanayotembea katika barabara za Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi na mashariki mwa Kongo yalikwisha kutumika kwa miaka kadhaa ng'ambo, hasa nchini Japani, kabla ya kuteremshwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Gari hushuka melini likiwa na rangi inayong'aa na hati za usajili, lakini mara nyingi halina maelezo ya namna lilivyotunzwa. Mnunuzi hajui oili ilibadilishwa lini, wala mkanda wa injini una umri gani. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na karatasi za forodha. Huzibwa na kumbukumbu ambazo mmiliki mpya huanza kuziandika mwenyewe siku anapolipokea gari lake.

Kumbukumbu za matengenezo ni nini

Kumbukumbu za matengenezo ni orodha ya kila kazi iliyofanywa kwenye gari, pamoja na tarehe na idadi ya kilomita zilizosomwa siku hiyo kwenye odomita, yaani mita ya umbali iliyo katika dashibodi. Huweza kuandikwa katika daftari la kawaida la shule, katika simu au katika kompyuta. Zinatofautiana na kadi ya gari, ambayo humtaja mmiliki, na cheti cha ukaguzi, ambacho hueleza hali ya gari katika siku moja tu. Kumbukumbu hueleza maisha ya gari kwa mfululizo.

Desturi za nchi yanakotoka magari

Nchini Japani, gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa na kuidhinishwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Sheria humtaka pia mwenye gari kuweka ndani ya gari hilo kitabu cha kumbukumbu za ukaguzi na matengenezo. Hata hivyo, kitabu hicho mara nyingi hakifiki Afrika Mashariki. Huenda kikaondolewa kwa kuwa kina jina na anwani ya mwenye gari wa awali, na hata kikifika huwa kimeandikwa kwa Kijapani.

Ubelgiji, ambako magari mengi ya Kongo, Rwanda na Burundi yamekuwa yakinunuliwa, ina utaratibu mwingine. Tangu mwaka 2006, muuzaji wa gari lililotumika anatakiwa kumkabidhi mnunuzi hati iitwayo Car-Pass, inayoorodhesha kilomita za gari kila lilipopita gereji au kituo cha ukaguzi. Anayenunuliwa gari na ndugu yake aliye Ubelgiji anaweza kumwomba adai hati hiyo na kuituma pamoja na gari.

Sheria za nchi jirani

Nchi za ukanda huu hutazama zaidi umri wa gari kuliko historia yake. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Uganda, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, ilipiga marufuku kuingizwa kwa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu yalipotengenezwa. Tanzania haikufunga mlango kwa magari ya zamani, bali huyatoza ushuru wa ziada kadiri umri unavyoongezeka, na Shirika la Viwango Tanzania husimamia ukaguzi wa ubora wake. Nchini Rwanda, Polisi ya Taifa huendesha vituo vya ukaguzi wa mitambo, ambako gari la mtu binafsi hupimwa mara moja kwa mwaka.

Taratibu hizo zina faida, lakini hazijibu kila swali. Gari la miaka 7 lililokosa huduma huweza kuwa na injini iliyochakaa kuliko gari la miaka 14 lililotunzwa. Aidha, cheti cha ukaguzi hakisemi chochote kuhusu miezi 11 inayofuata.

Mambo ya kuandikwa

Ukurasa wa kwanza wa daftari hubeba utambulisho wa gari: namba ya usajili, namba ya chasisi, aina ya injini, mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa tairi, na aina ya oili ya injini na ya gia boksi. Namba ya chasisi ni muhimu wakati wa kuagiza spea, kwa sababu magari mawili yenye jina moja na umbo moja huweza kuwa na pedi za breki zisizolingana.

Kurasa zinazofuata hugawanywa katika safu zifuatazo:

- tarehe ya kazi;
- kilomita zilizosomwa kwenye odomita;
- kazi iliyofanywa na kifaa kilichobadilishwa;
- aina ya kifaa au oili, na kama kifaa ni kipya au kimetumika;
- gharama ya spea na ya ufundi, kila moja peke yake;
- jina la fundi au gereji;
- tarehe au kilomita za huduma inayofuata.

Safu ya mwisho ndiyo inayosahaulika mara nyingi, ilhali ndiyo inayoligeuza daftari kuwa kalenda. Ikiwa oili ilibadilishwa odomita ikisoma 92,000, na muda wake ni kilomita 5,000, mwenye gari huandika 97,000 siku hiyo hiyo. Gereji nyingi hubandika kikaratasi chenye namba hiyo karibu na mlango au chini ya boneti, lakini kikaratasi hufutika kwa jasho, vumbi na maji. Daftari hubaki.

Risiti huhifadhiwa katika bahasha moja na daftari. Picha ya kila ukurasa ikipigwa kwa simu, kumbukumbu hazipotei hata gari likiibiwa au daftari likilowa.

Vipindi vya huduma

Kitabu cha mtengenezaji ndicho kinachopaswa kufuatwa kwanza. Pale kisipopatikana, mafundi wengi hubadilisha oili ya kawaida ya injini pamoja na chujio lake kila kilomita 5,000. Oili za sintetiki huweza kwenda mbali zaidi kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Vumbi, mizigo mizito na safari fupi za mjini hupunguza muda huo.

Baadhi ya injini hutumia mkanda wa raba kuendesha vali, na nyingine hutumia mnyororo. Injini ya 5A-FE, inayopatikana katika baadhi ya Toyota Carina za zamani, ina mkanda, ambao kwa kawaida hubadilishwa zinapokaribia kilomita 100,000. Injini ya 1NZ-FE, iliyo katika baadhi ya Probox na Vitz, ina mnyororo. Mkanda hukatika bila kutoa taarifa. Katika injini nyingi za aina nyingine, mkanda ukikatika vali hugongana na pistoni, na gharama ya matengenezo huweza kukaribia bei ya injini nyingine. Asiye na kumbukumbu hana njia rahisi ya kujua umri wa mkanda wake, kwani hauonekani mpaka kifuniko kifunguliwe.

Gia boksi ya otomatiki inahitaji uangalifu wa pekee. Magari mengi madogo ya Kijapani yaliyotengenezwa katika miaka ya 2000 na kuendelea yana gia boksi ya CVT, isiyo na gia za hatua. Gia boksi hiyo ina oili yake maalumu, na ikiwekewa oili ya otomatiki ya kawaida huanza kuteleza na hatimaye kuharibika. Mstari mmoja ndani ya daftari, unaotaja aina ya oili iliyowekwa, humkinga mwenye gari dhidi ya kosa la fundi asiyelijua gari hilo.

Breki na tairi: palipo na uhai wa watu

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa kadiri muda unavyopita, na unyevu hushusha kiwango cha joto ambacho mafuta hayo huanza kuchemka. Katika mteremko mrefu, breki zinapopata joto kali, mafuta yaliyozeeka huchemka na kuzaa mvuke. Mvuke husinyaa unapokandamizwa, hivyo pedali huzama na gari halisimami. Barabara ya kutoka Bugarama hadi Bujumbura huteremka kutoka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hadi takriban mita 800. Mteremko wa Kitonga, katika mkoa wa Iringa nchini Tanzania, nao unajulikana na kila dereva wa njia hiyo. Watengenezaji wengi hushauri mafuta ya breki yabadilishwe takriban kila miaka 2, hata kama gari limetembea kilomita chache. Kwa kuwa kipimo chake ni muda, odomita haiwezi kumkumbusha mwenye gari. Tarehe ndiyo inayomkumbusha.

Tairi nazo huzeeka zikiwa bado na meno. Ubavuni mwa kila tairi huwa na tarakimu 4 za mwisho zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi isitumiwe baada ya miaka 10, hata ikionekana nzima. Tarakimu hizo huandikwa katika daftari kwa tairi zote 5, ya akiba ikiwemo, kwani tairi ya akiba mara nyingi ndiyo kongwe kuliko zote.

Mafuta kama kipimo cha afya

Kumbukumbu za mafuta hazihitaji utaalamu. Mwenye gari hujaza tangi, huandika kilomita, kisha hujaza tena na kuandika lita zilizoingia. Gari lililotembea kilomita 420 kwa lita 35 hutumia lita moja kwa kilomita 12. Likishuka ghafla hadi kilomita 9 kwa safari zile zile, yafaa kukagua upepo wa tairi, chujio la hewa, plagi, na kama breki moja imenata. Mahali ambapo mafuta ni ghali au hupatikana kwa shida, tofauti hiyo huonekana mapema mfukoni.

Wakati wa kununua na kuuza

Kurudisha nyuma namba za odomita ni udanganyifu unaojulikana katika masoko ya magari yaliyotumika duniani kote. Mnunuzi mwangalifu hulinganisha kilomita na hali ya pedali, usukani na kiti cha dereva. Hati ya kusafirishia gari kutoka Japani na karatasi ya mnada, zikipatikana, hulinganishwa na namba iliyo kwenye dashibodi. Magari yaliyotoka Uingereza huhesabu umbali kwa maili, jambo linalopaswa kuandikwa waziwazi.

Muuzaji mwenye daftari lenye tarehe zinazofuatana, kilomita zinazopanda na risiti zinazolingana ana hoja inayomwezesha kutetea bei yake. Daftari hilo humwonyesha mnunuzi pia kilichobaki kufanywa.

Pa kuanzia kwa gari lisilo na historia

Gari likipokelewa bandarini na kuendeshwa hadi Kigali au Bujumbura, safari ya takriban kilomita 1,500, yafaa likaguliwe kabla ya kuondoka: oili, maji ya rejeta, breki, tairi na taa. Baada ya kufika, oili zote, machujio na mafuta ya breki hubadilishwa bila kutegemea maneno ya muuzaji, na mkanda wa injini, kama upo, hukaguliwa au hubadilishwa. Tarehe na kilomita za siku hiyo huwa mstari wa kwanza wa daftari.

Ikiwa gari linaendeshwa na watu kadhaa wa familia moja, au na dereva wa kuajiriwa, daftari huwekwa ndani ya gari, na kila aliyepeleka gari kwa fundi huandika na kutia saini siku hiyo hiyo. Gari likiuzwa, daftari hukabidhiwa mmiliki mpya pamoja na funguo na kadi yake.