Askofu Mkuu John Sepeku na Umoja wa Mapokeo Mawili

Makongolosi, katika Wilaya ya Chunya, ni mji uliokuzwa na dhahabu ya Lupa. Tangu miaka ya 1920 dhahabu hiyo imewakusanya watu wa pande nyingi, na kila mmoja alikuja na kitabu chake cha sala. Kwa hiyo swali la umoja wa Kanisa, ambalo vyuoni tunalijadili kwa utulivu, mahali kama hapo ni swali la kila Jumapili: ni nani awezaye kumkaribisha mwenziwe kwenye Chakula cha Bwana? Kwa ajili ya swali hilo tumeona vema kuyatazama maisha ya utumishi ya John Sepeku, Askofu Mkuu wa kwanza wa Kanisa Anglikana Tanzania.

Waanglikana wa nchi yetu wamelelewa na mama wawili. UMCA, iliyotokana na wito alioutoa David Livingstone mwaka 1857, ilifanya kazi Unguja, Tanga, Masasi na pwani ya Ziwa Nyasa. Iliithamini misa, uvumba na maungamo. CMS ilifika Mpwapwa mwaka 1876, ikikazia mahubiri, Biblia na wongofu. Tofauti hizo hazikuwa za mavazi tu. Baada ya mkutano wa Kikuyu wa mwaka 1913, Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwashtaki kwa uzushi maaskofu wenziwe wa Mombasa na Uganda. Jambo lililomchukiza hasa ni kwamba Wakristo wa makanisa yasiyo na maaskofu walikaribishwa kwenye Meza ya Bwana.

Sepeku alilelewa katika mapokeo hayo ya Weston. Mwaka 1963 aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Zanzibar, na mwaka 1965 akawa Askofu wa kwanza wa Dar es Salaam. Jimbo la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1960 chini ya Askofu Mkuu Leonard Beecher, liligawanywa mwaka 1970. Kenya ilimpata Festo Olang', na Tanzania ikampata Sepeku. Hivyo mwana wa UMCA alitakiwa kuwa baba hata kwa wale ambao uvumba uliwakwaza. Aliushika wajibu huo hadi mwaka 1978, akafariki mwaka 1983.

Matunda ya mwanzo huo yanaonekana katika waliomfuata. Musa Kahurananga alitoka Tanganyika Magharibi, penye mapokeo ya CMS. John Ramadhani, aliyeongoza kuanzia mwaka 1984, alitoka Zanzibar na Tanga, penye mapokeo ya UMCA. Mwaka 1998 zamu ikarudi upande wa pili kwa Donald Mtetemela wa Dayosisi ya Ruaha, Iringa, katika Nyanda zetu za Juu Kusini, aliyeongoza hadi mwaka 2008. Hakuna upande uliomezwa na mwingine.

Sisi Walutheri tusilitazame jambo hili kama wageni. Mwaka 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa moja la Kilutheri nchini, nayo yalikuwa na walezi na desturi mbalimbali. Lakini mazungumzo ya miaka ya 1960 kati yetu, Waanglikana na wengine hayakuzaa kanisa moja, na suala la uaskofu lilikuwa mojawapo ya vikwazo.

Yawezekana mtu akasema kwamba umoja wa namna ya Sepeku ni mpungufu, kwa kuwa uliziacha tofauti mahali pake. Twakubali kwamba haukuzifuta. Lakini uliwaweka wenye tofauti hizo chini ya mchungaji mmoja na mbele ya Meza moja, nao wakajifunza kuvumiliana wakiwa wamekwisha kuungana. Sisi tumezoea kutaka kukubaliana kwanza, ndipo tule pamoja. Mchimbaji wa Makongolosi anayezikwa na majirani wa madhehebu matatu ana haki ya kutuuliza tutangoja mpaka lini.