Kutoka kwa Balozi Hadi kwa Msaga Nafaka

Mwaka 1825 mwalimu wa sekondari aitwaye Leopold von Ranke alihamia Chuo Kikuu cha Berlin kufundisha historia. Kilichompatia kazi hiyo ni kitabu chake cha kwanza, kuhusu Ulaya ya miaka ya 1494 hadi 1514.

Maktabani Berlin alikuta majuzuu ya taarifa za mabalozi wa Venice wa karne ya 16 na ya 17. Akajizamisha humo. Baadaye akawa anawakusanya wanafunzi nyumbani kwake kuzichambua hati za kale: nani kaandika? Alishuhudia au alisimuliwa? Alitaka nini? Semina ya namna hiyo ikaenea vyuo vingi.

Lakini balozi huandika habari za wafalme, vita na mikataba, mkulima hayumo. Kwa miaka mingi, aliyesoma historia ya kipindi hicho, baada ya Zama za Kati hadi Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, alisoma zaidi mambo ya ikulu.

Mwaka 1929 Marc Bloch na Lucien Febvre, maprofesa wa Strasbourg, walianzisha jarida la Annales. Wao walitaka kujua bei za vyakula, mashamba na imani za watu. Fernand Braudel akafuata nyayo zao. Akiwa mateka wa vita Ujerumani, kuanzia 1940 hadi 1945, aliandika kwa kumbukumbu, daftari baada ya daftari, kuhusu Bahari ya Mediterania ya karne ya 16. Kitabu kilitoka 1949, nacho kilianza na milima na bahari kabla ya kuwafikia wafalme.

Kisha mwaka 1976 mwanahistoria Carlo Ginzburg akamleta Menocchio, msaga nafaka wa Friuli, Italia, aliyeshtakiwa kwa uzushi mwaka 1584. Menocchio alidai kuwa ulimwengu uligandamana kama jibini litokanalo na maziwa, na malaika wakatokea humo kama mabuu. Baadaye Kanisa liliamuru auawe, lakini makarani wa mahakama yake ndio waliotuhifadhia maneno yake.

Ginzburg alimsikia Menocchio kwa kuwauliza makarani hao maswali yaleyale ya Berlin. Basi wewe unayeanza somo hili chuoni, usikimbilie kukariri majina ya wafalme. Chukua hati moja, uliza nani kaiandika, kisha mtafute aliyenyimwa kalamu.