Mbegu Mbili za Muhogo: RNA Ndogo na Historia ya Kinga ya Zao Katika Mpaka wa Sirari

Katika Kiswahili cha wakulima, kipande cha shina la muhogo huitwa mbegu, ingawa hakikutokana na ua wala chavua. Insha hii inashikilia kwamba historia ya kinga ya muhogo dhidi ya virusi katika Afrika Mashariki ni historia ya kwenda na kurudi baina ya mbegu hiyo na ile inayozaliwa na ua.

Ua ndilo lililotangulia. Huko Amani, katika milima ya Usambara, H. H. Storey alieleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia mwaka 1936. Yeye na R. F. W. Nichols walichavusha muhogo na mpira, mti uleule unaotupatia kisamvu cha mpira, kisha uzao ukachavushwa tena na muhogo kwa vizazi kadhaa. Aina mojawapo iliyopatikana, 46106/27, ingali inalimwa: Kenya huitwa Kaleso, Tanzania Namikonga.

Maeneo ya mwinuko yalidhaniwa kuwa salama. Dhana hiyo ilivunjika kuanzia 2004, ugonjwa ulipozuka Uganda. Na mwaka 2009 Deusdedith Mbanzibwa na wenzake walionyesha kuwa virusi vya bonde la Ziwa Victoria vinatofautiana kijenetiki na vya pwani. Kwa mkulima wa Tarime hatari yake ni ya hila. Muhogo unaweza kuoza ardhini huku shina likionekana zima, naye akalikata na kumpa jirani mbegu pamoja na virusi.

Mwaka 1999 Andrew Hamilton na David Baulcombe, nchini Uingereza, waligundua RNA ndogo katika mimea iliyokuwa ikinyamazisha jeni au kupambana na virusi. Mmea hukatakata RNA yenye nyuzi mbili kuwa vipande vya nyukleotidi 21 hadi 24, vinavyouongoza kuharibu RNA inayofanana navyo. Katika chavua na mbegu inayokua, RNA ndogo hunyamazisha pia jeni zinazohamahama, na hivyo kulinda kizazi kijacho. Shina lililokatwa halipitii hatua hiyo.

Mradi wa VIRCA, ulioanza 2005 kwa ushirikiano wa taasisi za Kenya, Uganda na Marekani, uliingiza katika muhogo jeni inayozalisha RNA ndogo zinazolenga virusi hivyo. Hata hivyo, aina ya TME 204, ilipokuzwa upya kutoka kwenye seli maabara, ilipoteza ukinzani wake dhidi ya batobato. Ikabidi sifa mpya ihamishiwe kwa uchavushaji kwenye aina nyingine. Yaani watafiti wakarudia kazi ya Amani.

Januari 2021 serikali ya Tanzania ilisitisha majaribio ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba. Juni mwaka huohuo Kenya iliidhinisha muhogo huo, kwa sharti la majaribio ya kitaifa. Kati ya Isebania na Sirari kuna kituo cha mpaka, lakini Wakuria wana ndugu pande zote mbili, na fungu la mashina hubebwa begani. Kwa macho, shina lenye jeni hiyo halitofautiani na lisilo nayo.